Mnaopost konfigi za Fastfetch bila maelezo mnatesa wageni, acheni hii tabia

Wakuu salaam. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa skrinshoti, huu ni wa malalamiko na nataka wahusika wausome.

Nimechoka na hii tabia. Kwa asiyejua, Fastfetch ni programu inayoonyesha logo ya mfumo na taarifa za mashine kwenye teminali (dirisha la kuandikia amri), na konfigi ni faili la kuipangilia. Mtu anatupia picha ya teminali yake imependeza kwelikweli, logo ya rangirangi kushoto, kulia taarifa za mashine zimepangwa ndani ya viboksi, kila mstari una aikoni yake, watu wanajaa kwenye komenti "mkuu tupe konfigi", na yeye anabandika config.jsonc nzima hivohivo bila neno hata moja. Fonti gani hasemi, teminali gani hasemi, toleo la Fastfetch ndo kabisa. Mgeni wa Linux anakopi, anapesti, anapata takataka, akirudi kuuliza anajibiwa "mbona kwangu iko poa". Kwako iko poa kwa sababu kuna vitu umeviweka zamani hadi umevisahau, sasa si uvitaje!

Na kuna hawa wengine wanaotoa majibu ya miaka ile. Neofetch, ile programu ya zamani ya kazi hiyohiyo, imeshafungwa jamani. Toleo lake la mwisho, 7.1.0, lilitoka 2020, na Aprili 2024 ripo yake (hifadhi ya kodi) kule GitHub ikafungwa ikabaki ya kusoma tu. Lakini mpaka leo mtu akiuliza namna ya kupanga mistari anaambiwa fungua ~/.config/neofetch/config.conf, nenda kwenye print_info, toa alama ya reli (#) kwenye mstari unaoutaka. Hiyo ilikuwa sawa kwa Neofetch kwa sababu yenyewe ni skripti ya Bash (lugha ya amri za teminali) na konfigi yake nayo ni Bash. Fastfetch imeandikwa kwa C, konfigi yake ni JSONC (JSON inayoruhusu maoni ndani yake), inakaa ~/.config/fastfetch/config.jsonc, na faili la Neofetch haiisomi hata herufi moja. Ile fastfetch -c neofetch mnayowaambia watu watumie inaleta mpangilio unaofanana na wa Neofetch basi, haiendi kuchukua mambo uliyoyahariri mwenyewe kwenye faili lako la zamani. Na Fastfetch yenyewe imeshabadilisha njia, mwanzoni ilikuwa inatumia config.conf iliyojaa vigezo vya amri, sasa hivi ni JSONC, kwa hiyo hata jibu linalotaja Fastfetch linaweza likawa limeshakufa. Andika toleo! fastfetch --version inatoa jibu papo hapo, unakosaje kuiandika?

Tuje kwenye aikoni, maana maswali mengi ndo yanatokea hapa na majibu mengi ni ya hovyo. Zile aikoni siyo picha, ni herufi, zimewekwa kwenye eneo la Unicode lililoachwa kwa matumizi binafsi, na fonti ya kawaida haina michoro yake, ndo maana mtu anaona viboksi vitupu. Anatakiwa ainstoli fonti mojawapo ya Nerd Fonts, zilizoongezewa aikoni hizo, halafu aichague kwenye mipangilio ya teminali. Ya teminali, siyo ya Fastfetch. Fastfetch haichagui fonti, inatoa herufi tu, kuzichora ni kazi ya teminali. Nimemwona mtu humu anamwambia mgeni aende kuinstoli fonti kwenye seva anayoingia kutoka mbali kwa SSH, na mgeni wa watu akahangaika kweli, wakati fonti inatakiwa iwe kwenye ile mashine aliyokaa mbele yake, seva haichori chochote.

Halafu hata ukiwa na Nerd Fonts bado haujapona. Toleo la 3.0 lilipotoka 2023 aikoni za Material Design zilihamishwa namba. Zamani zilikuwa zinaanzia F500 zinapanda mpaka zinavamia eneo ambalo Unicode imeshawapa herufi za Kichina na za Kiarabu, kwa hiyo zikatolewa pale zikapelekwa F0001 na kuendelea. Maana yake konfigi yenye namba za zamani ukiipesti leo kwenye fonti mpya, aikoni moja inakuwa kiboksi, nyingine inatokea herufi ya Kichina, na nyingine iko sawa kabisa. Mgeni anaona mashine yake mbovu. Anafuta fonti, anaweka upya, anabadilisha teminali, mwisho anahama hadi distro (aina ya Linux)! Na aliyepost konfigi yupo, anaona maswali, anapita.

Vile viboksi vya kuzungushia taarifa navyo semeni ukweli. Mistari ya kona imechorwa kwa mkono kwa moduli za custom (moduli ni kipande cha konfigi kinachotoa mstari wake, custom unaiandikia maneno yako mwenyewe), upana umepimwa kwa mashine ya mwenyewe. Jina la CPU likiwa refu kuliko la kwake ukuta wa kulia unasukumwa nje, na ikiwa teminali yako inahesabu aikoni kuwa na upana wa herufi mbili mstari mzima unapinda. Ndo maana wanaojua wanazungushia sehemu ya majina tu, thamani wanaziacha wazi upande wa kulia. Sentensi moja tu hiyo ingetosha kumwokoa mtu.

Logo ya picha, hadithi ileile. Unaona "type": "kitty" kwenye konfigi ya mtu unadhani ni mtindo, kumbe ni njia ya kuchora picha ambayo teminali yako lazima iijue, na nyingi haziijui. Nyingine zinajua sixel, njia nyingine ya kuchora picha, nyingine hazijui yoyote na hapo inabidi utumie chafa inayochora picha kwa herufi. Ukiwa ndani ya tmux (programu ya kugawa teminali moja kuwa nyingi) ndo balaa zaidi, mpaka uwashe allow-passthrough. Haya yote aliyepost anayajua.

Kitu kingine kidogo lakini kinasumbua: ukiandika "modules" mwenyewe unafuta orodha yote ya mwanzo, haiongezi juu yake. Mtu anataka kubadilisha jina la mstari mmoja tu, anaambiwa "weka hii kwenye modules", anaweka, anabaki na mstari mmoja, taarifa zingine zote zimepotea. Mwambieni aanze na fastfetch --gen-config apate faili la kuanzia lenye orodha nzima, halafu ahariri humo. Amri moja!

Hasira yangu kubwa iko kwenye hizi mbili zinazofuata, maana hapa siyo urembo tena.

Ya kwanza, mnawapa watu konfigi zenye moduli ya publicip (anwani ya IP ya nje) na weather (hali ya hewa) bila kuwaambia. Hizo zinatoka nje kwenda kwenye mtandao kila Fastfetch inapoendeshwa, yaani kila unapofungua teminali kama umeiweka ijiendeshe yenyewe. Intaneti ikiwa nzito teminali inachelewa kufunguka na mtu anabaki kulaumu mashine. Afu mgeni kwa furaha anapiga skrinshoti aje atuonyeshe kazi yake, na anwani yake ya IP ya nje imeandikwa pale katikati, dunia nzima inaisoma. Nimeshawaambia watu kadhaa humu wafute picha zao, na wote walikuwa hawajui kabisa hiyo moduli inafanya nini, walikopi tu. Moduli ya command nayo inaendesha amri yoyote iliyoandikwa ndani yake, na konfigi ya Neofetch ilikuwa Bash tupu, kwa hiyo unapomwambia mtu "pesti usiulize" unamfundisha kuendesha amri za mtu asiyemjua kwenye mashine yake. Hilo ni kosa na nitaendelea kulisema.

Ya pili, "weka fastfetch mstari wa kwanza kabisa wa .bashrc ili itokee kabla ya kila kitu". Nani aliwatuma? Bash inasoma .bashrc (faili lake la amri za kuanzia) hata pale mtu anapotuma faili kwa scp au sftp kuja kwenye hiyo mashine, na chochote kitakachochapishwa pale kinachanganyika na mawasiliano ya kutuma faili, matokeo yake sftp inakataa inasema imepokea ujumbe mrefu kupita kiasi, rsync ya kunakili faili nayo inakufa. Distro nyingi zina ulinzi kule juu ya .bashrc unaosimamisha usomaji kama hakuna mtu mbele ya teminali, na nyie mnamwambia mtu aweke amri JUU ya huo ulinzi. Kijana mmoja ninayefanya naye kazi alifuata ushauri huo kwenye seva, bakapu za usiku zikaacha kufika, na hakuna aliyewaza kwamba tatizo ni logo ya rangi. Watu waliangalia diski, wakaangalia funguo za SSH, wakaangalia faya-woli. Aliyetoa ushauri bado anautoa, nimeuona tena juzi kwenye uzi mwingine.

Kama lazima iwepo kwenye .bashrc iwekwe mwishoni hivi, ijiendeshe tu kukiwa na mtu mbele ya teminali:

[[ $- == *i* ]] && fastfetch

Kwa hiyo naomba, na nawaomba mods pia waliangalie hili: anayepost konfigi aandike toleo la Fastfetch, jina la teminali, fonti na toleo lake, na kama kuna moduli inayotoka kwenye mtandao au inayoendesha amri aitaje juu kabisa kabla ya kodi. Asiyetaka kuandika hayo apost picha tu, konfigi abaki nayo. Na yule mkuu wa ile konfigi ya viboksi vya zambarau inayozunguka humu, kuna watu wamekuuliza fonti kwenye uzi wako na hujajibu hata mmoja. Wajibu, bado wanasubiri.