Outlook ya kulipia au tubaki na Thunderbird? Barua zinaingia, hazitoki

Vipuri_Kirinyaga:
Wadau, naomba ushauri wa haraka. Tuna duka la vipuri vya magari Kirinyaga Road, kompyuta tano, zote zinatumia Thunderbird, programu ya bure ya barua pepe. Tangu wiki jana barua pepe zinaingia vizuri lakini kutuma imekuwa shida. Bosi amechoka, anataka tulipie kifurushi cha Microsoft 365 kabla ya Ijumaa ili tupate Outlook, programu yao ya barua. Tulipe, au tubaki na ya bure?

Fundi_MoiAvenue:
Ndugu, hujatupa cha kushika. Kosa linasemaje, neno kwa neno? Lina nambari? Barua zenu zinakaa kwa nani, Gmail au domeni (jina la mtandaoni) yenu wenyewe? Mnapokea kwa IMAP, inayoacha barua kwenye seva (kompyuta ya kampuni inayozitunza), au POP, inayozishusha kwenye kompyuta yenu? Na ni kompyuta zote tano?

Njeri_Mahesabu:
Lipeni mtulie. Outlook ina kalenda, anwani na barua mahali pamoja, na karani yeyote mtakayemwajiri anaijua tayari.

Penguini_Umoja:
Dada Njeri, hapo napinga. Thunderbird nayo ina kalenda, na tangu toleo la kwanza la 2004 haijamdai mtu shilingi. Tena barua haitumwi na Outlook wala Thunderbird, inatumwa na seva. Programu inabisha hodi tu. Ukibadilisha anayebisha na mlango bado umefungwa, umelipa bure.

Vipuri_Kirinyaga:
Nimeangalia. Domeni ni yetu, ya .co.ke, na barua zinatunzwa na kampuni ile ile inayotuletea intaneti. Kosa lina nambari 550. Shida iko kwa laptopu mbili za watu wa mauzo, ambao siku hizi wanafanyia kazi nyumbani kwa hotispoti ya simu. Zile tatu za dukani zinatuma.

Fundi_MoiAvenue:
Sasa umesema! Seva ya hiyo kampuni inapokea barua kutoka kwa waya wake yenyewe bila kuuliza nenosiri. Ukija na hotispoti ya mtandao mwingine inakuona mgeni anayetaka kupitishia barua kwake, inakukataa. Ndiyo hiyo 550. Kupokea hakuguswi kwa sababu IMAP na POP huuliza nenosiri popote ulipo.

Fungua mipangilio ya akaunti, shuka hadi chini kabisa kwenye orodha ya kushoto, uhariri seva ya kutuma barua. Naamini utakuta poti (nambari ya mlango wa seva) 25 na uthibitishaji umeandikwa hakuna. Weka 587 na STARTTLS (njia ya kuficha barua isisomwe njiani), uthibitishaji uwe kwa nenosiri la kawaida, jina la mtumiaji liwe anwani nzima. Ikigoma, jaribu 465 na SSL/TLS, njia nyingine ya kuficha. Na ujue Thunderbird huhifadhi nenosiri la kutuma kando na la kupokea, kwa hivyo itakuuliza upya.

Mama_Mizigo:
Vipuri, swali la IMAP au POP hujalijibu, na ndilo lililotuumiza sisi. Ofisi niliyokuwa Industrial Area, barua zote zilishushwa kwa POP kwenye kompyuta ya mhasibu, na kile kisanduku cha kuacha nakala kwenye seva hakikuwa na tiki. Barua ikishaingia, seva inaifuta. Hakuna aliyejua, maana kila asubuhi barua zilikuwa pale. Siku moja stima ikapotea, ikarudi kwa nguvu, diski ikafa. Tukaipeleka kwa fundi mmoja, kisha mwingine, wapi. Mkaguzi wa mahesabu akaja anataka ankara na hati za mizigo za mwaka uliotangulia. Tukafungua barua kwa kivinjari: zilikuwemo za siku hiyo tu. Tukaanza kupigia wateja mmoja mmoja kuwaomba watutumie barua tulizowatumia sisi wenyewe. Mmoja alisema tumalize kwanza deni letu kwake ndipo atafute. Kabla hujagusa poti yoyote, angalia hicho kisanduku.

Penguini_Umoja:
Pole sana mama. Ofisi yenye watu zaidi ya mmoja ni IMAP, hakuna mjadala.

Njeri_Mahesabu:
Mjadala upo. IMAP inajaza seva, na sanduku likijaa wateja wanarudishiwa barua zao. Nafasi nayo inalipiwa.

Kijana_Rongai:
Mkiamua Outlook, msidanganywe na funguo (nambari za kuwashia programu) za bei rahisi za Office 2016 au 2019, matoleo ya zamani yenye Outlook. Microsoft iliacha kuzihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Na ile Outlook mpya, ukiiwekea akaunti ya IMAP isiyo ya Microsoft, inaweka nakala ya barua zako kwenye seva za Microsoft. Sisi wenye data za wateja tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ya kufikiria.

Njeri_Mahesabu:
Barua zao tayari ziko kwa kampuni ya intaneti inayopokea barua bila nenosiri, na wewe unaogopa Microsoft?

Kijana_Rongai:
Naogopa zote mbili, dada.

Vipuri_Kirinyaga:
Laptopu ya kwanza imetuma kwa 587, asanteni sana! Ya pili inasema cheti cha seva, yaani kitambulisho chake, hakiaminiki. Kisanduku cha mama nitakiangalia kesho. Bosi bado anataka Outlook.

Fundi_MoiAvenue:
Angalia tarehe na saa ya hiyo laptopu. Zikiwa sawa, angalia antivairasi: nyingine hujiweka katikati kukagua barua na kuleta cheti chake. Zima ukaguzi wa barua peke yake, usizime antivairasi yote.

Dobi_wa_Picha:
Nami niulize hapa hapa. Gmail inasema kikomo ni MB 25, mbona faili langu la MB 22 linakataa?

Penguini_Umoja:
Kiambatisho hugeuzwa kuwa maandishi kabla ya kusafiri, kinanenepa kwa karibu theluthi moja. Hiyo 22 yako inakaribia 30. Weka picha kwenye Google Drive, hifadhi ya mtandaoni, utume kiungo.

Dobi_wa_Picha:
Mteja wangu hafungui viungo, anaogopa matapeli. Nikizigawa kwa barua mbili zitafika kwa mpangilio?