Milinganyo miwili ya mstari: lini jibu halipo, na lini majibu hayana idadi?

Mkaazi wa Ngamiani:
Habari zenu wanajukwaa. Mdogo wangu anayesoma sekondari hapa Tanga ameniletea maswali mawili ambayo herufi zote zinapotea katikati ya kazi. La kwanza linasema kwamba machungwa 4 na nazi 2 ni shilingi 3,200, na kwa bei ileile machungwa 6 na nazi 3 ni shilingi 4,800. La pili ni hilohilo, ila malipo ya mwisho ni shilingi 5,100. Bei ya chungwa ameiita x na ya nazi y. Akizidisha mlinganyo wa kwanza kwa 3 na wa pili kwa 2, kisha akatoa, swali la kwanza linampa 0 = 0 na la pili linampa 0 = 600. Kote amejibu kwamba x ni 0 na y ni 0. Nazi za bure hazipo, hilo analijua hata yeye, lakini nashindwa kumweleza tofauti ya hali hizi mbili.

Mwalimu wa Chumbageni:
Ndugu yangu, mwambie kwanza kwamba 0 = 0 haisemi lolote kuhusu thamani ya x. Hiyo ni kauli iliyo kweli daima, na ikitokea, maana yake mlinganyo wa pili haukuleta habari mpya. Agawe wa kwanza kwa 2 na wa pili kwa 3, ataona kwamba yote miwili ni 2x + y = 1,600. Kwa upande mwingine, 0 = 600 ni uongo mtupu. Tulianza kwa kudhani kwamba ipo bei ya chungwa na bei ya nazi zinazotosheleza malipo yote mawili, na dhana hiyo imetufikisha kwenye uongo. Basi bei hizo hazipo. Huenda muuzaji alipandisha bei kati ya mauzo hayo mawili.

Akichora grafu, swali la pili litampa mistari miwili yenye mteremko mmoja isiyokutana, kama zilivyo barabara za namba huko kwenu Ngamiani, ilhali katika swali la kwanza mstari wa pili utalala juu ya ule wa kwanza.

Jambo moja wanafunzi hulikosea sana: majibu yasiyo na idadi si sawa na jibu lolote. Chungwa shilingi 300 na nazi 1,000 inakubali, na chungwa 500 na nazi 600 pia inakubali. Lakini chungwa 300 na nazi 900 inakataa, kwa kuwa malipo ya kwanza yangekuwa shilingi 3,000.

Mpenda Namba:
Naongezea kwa ajili ya wale waliofika kwenye matriksi, yaani namba zilizopangwa kwa safu na nguzo. Kanuni ya kutatua milinganyo aliyoichapisha Gabriel Cramer mwaka 1750 inagawanya kwa ad − bc, ambapo a na b ni namba zilizo mbele ya x na y katika mlinganyo wa kwanza, c na d katika wa pili, na hapa 4 × 3 − 2 × 6 ni sifuri katika maswali yote mawili. Kwa hiyo sifuri hiyo inatuambia tu kwamba jibu moja pekee halipo. Mwanafunzi anayeandika "hakuna jibu" mara tu anapoiona amekimbilia mwisho, kwa sababu kinachoamua ni upande wa kulia: 3,200 kwa 4,800 ni uwiano uleule wa 4 kwa 6, lakini 3,200 kwa 5,100 sio.

Mkaazi wa Ngamiani:
Nashukuru, Mwalimu. Je, kila bei ikiwa lazima igawanyike kwa shilingi 50 bila baki, majibu bado hayana idadi?

Mwalimu wa Chumbageni:
Hapana. Chungwa litaanzia 50 na kuishia 750, nazi ikishuka kutoka 1,500 hadi 100, nayo ni majibu 15 tu. Mlinganyo wenyewe haujui kwamba tunazungumzia fedha. Sharti hilo tumeliweka sisi.

Mpenda Namba:
Kwenye herufi tatu, jicho halitoshi. Tazameni x + y + z = 6, x + 2y + 3z = 14 na 2x + 3y + 4z = 21. Hakuna miwili iliyo sambamba, na kila miwili ina majibu yasiyo na idadi; hata hivyo, ukijumlisha ya kwanza miwili unapata 2x + 3y + 4z = 20, jambo linalopingana na wa tatu, kwa hiyo yote mitatu kwa pamoja haina jibu. Weka 20 mahali pa 21, na majibu yanarudi kuwa hayana idadi.