Tupeane uzoefu: kubadilisha na kurekebisha waya wa klachi kwenye pikipiki za zamani huku Nyanda za Juu Kusini

Mwanzisha mada, Mbeya mjini

Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu kuhusu waya wa klachi, hasa sisi tunaotumia pikipiki za zamani za muundo wa Honda CG125, ambao ulianza mwaka 1976 na hadi leo umo katika pikipiki nyingi zinazopanda milima yetu. Ninachoamini ni kwamba waya mara nyingi haukatiki kwa sababu ya uzee, bali kwa kukunjwa. Kile kichwa cha waya kinachokaa ndani ya mkono wa klachi kinatakiwa kizunguke kidogo kila unapobana. Kikishika kutu, au vumbi likigandana na grisi ya zamani, kichwa hakizunguki tena, na nyuzi za waya hupinda pale pale shingoni kila unapobadilisha gia, hadi zinaanza kukatika mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo mtu ananunua waya mpya Mwanjelwa, anaufunga kwenye mkono uleule mchafu, na haupiti muda mrefu anarudi dukani kumlaumu muuzaji.

Mimi huanza kwa kulegeza nati za kukazia, ya juu kwenye usukani na ya chini kwenye injini. Kisha naizungusha ndani nati ya kurekebishia ya juu, na kuipanga ili mfereji wake ulingane na mfereji wa mkono wa klachi. Hapo waya unatoka wenyewe bila kulazimishwa na bisibisi. Kabla ya kuuvuta wote, nafunga kamba nyembamba kwenye ncha yake ya chini, ili kamba ibaki imepita njia ya waya wa zamani na initumikie kuuvuta waya mpya katika njia ileile. Tundu la mkono nalisafisha kwa petroli na kitambaa, nalipaka grisi kidogo, na kuhakikisha kichwa cha waya mpya kinazunguka kwa kidole kabla sijafunga chochote.

Wengine mmekutana na nini?

Mchangiaji, Tukuyu

Kwetu adui ni mvua. Maji huingia kwa juu, pale mpira wa kufunika nati ya kurekebishia unapokuwa umechanika, yanateremka ndani ya kava, yaani ganda la nje la waya, na kutulia mahali kava lilipopinda zaidi. Waya wangu ulitoa dalili mapema: mkono ulikuwa mgumu asubuhi na kurudi polepole nikiuachia. Nilipoufungua, shingo ya kichwa ilikuwa nzima kabisa, lakini katikati nyuzi zilikuwa zimeliwa na kutu. Kwa hiyo, mkuu, nakubaliana nawe kuhusu kukunjwa, lakini kwa sisi wa Rungwe naomba uongeze kutu.

Jambo la pili ni njia ya waya. Fundi mmoja alinifungia waya mpya akaupitisha nje ya bomba la usukani badala ya ndani. Barabara ikiwa imenyooka sikuona tatizo, lakini nikikata kona kali upande mmoja, waya ulijivuta wenyewe na klachi ikaanza kuachia nikiwa na mzigo wa ndizi. Tangu hapo, baada ya kufunga waya, huiwasha pikipiki ikiwa nyutro na kugeuza usukani hadi mwisho kushoto na kulia, huku nikipima kama mkono bado unacheza kiasi kilekile. Ukikaza upande mmoja, waya haujapita vizuri.

Mchangiaji, Matamba, Makete

Wangu ulikatika nikiteremka barabara ya kona hamsini na saba kuelekea Chimala, na nashukuru nilikuwa nateremka na si kupanda. Nilikuwa gia ya pili, nikaiacha pikipiki ishikwe na injini, nikarudisha gesi yote na kushuka taratibu kwa breki zote mbili. Kubadilisha gia bila klachi kunawezekana: unapunguza gesi kidogo ili mzigo utoke kwenye gia, na hapo hapo unaigusa gia kwa mguu kwa wepesi. Kinachotisha ni kusimama, kwa sababu lazima uipate nyutro kabla magurudumu hayajasimama; ukichelewa, injini inazimika au pikipiki inakurusha mbele. Namshauri yeyote aliyebeba abiria amshushe kwanza, na asijaribu kuondoka tena akiwa katikati ya watu na magari.

Huku kwetu baridi ya Juni na Julai nayo ina somo lake. Grisi nzito ikiingizwa ndani ya kava huganda alfajiri, na mkono unakuwa kama umefungwa. Tumieni oili nyepesi: funga kipande cha nailoni kama mrija kwenye ncha ya juu ya kava, mimina kidogo kidogo, na usubiri hadi itokee chini.

Mchangiaji, Mafinga

Nimebadilisha waya, lakini nikipanda mlima injini inapiga kelele na pikipiki haiendi. Je, nilegeze au nikaze?

Fundi, Ipogolo, Iringa

Ndugu wa Mafinga, shika ncha ya mkono na uupime: unatakiwa ucheze milimita 10 hadi 20 kabla haujaanza kuvuta klachi. Kama hauchezi kabisa, waya unaivuta klachi muda wote, na pleti za ndani ya klachi zinateleza na kuungua. Legeza. Kama unacheza na bado inateleza, pleti au springi zimechoka, na hakuna waya utakaokusaidia.

Wateja wengi hawafahamu kwamba pikipiki hizi zina uchakavu wa aina mbili unaokwenda kinyume. Waya ukivutika, mkono unacheza zaidi, klachi haiachii vizuri, gia zinagonga na nyutro inakuwa ngumu kupatikana ukiwa umesimama. Pleti zikilika, mkono unacheza kidogo zaidi kila wiki. Kwa hiyo ukijikuta unalegeza mara kwa mara, tazama pleti. Ukijikuta unakaza mara kwa mara, tazama waya, kwani huenda nyuzi zinakatika ndani.

Marekebisho makubwa yafanyeni chini, kwenye injini, injini ikiwa ya baridi, na nati ya juu muiache ikiwa imeingia karibu yote. Nati hiyo ni ya marekebisho madogo njiani, na ikiwa imeshatoka hadi mwisho, mtajisaidia na nini mkiwa mlima Kitonga? Waya mpya hutulia katika siku za mwanzo, hivyo upimeni tena baada ya kuutumia kidogo.

Mwanzisha mada, Mbeya mjini

Asante fundi, na asante ndugu wa Tukuyu, kutu nimeiongeza. Niseme pia kuhusu waya zenye mrija wa plastiki laini ndani ya kava, ambazo siku hizi zinapatikana: hizo hazihitaji grisi ndani, kwa sababu grisi hukamata vumbi na kuziba mrija. Kichwa cha juu na cha chini ndivyo vya kupaka. Na mwenye waya wa akiba auviringishe kwa duara pana chini ya kiti, kwa sababu ukikunjwa kwa nguvu utakuwa umeharibika kabla ya kufungwa.