Watoto wanataka kuteleza kwenye barafu: nianzie wapi hapa Toronto?

Baba wa Scarborough aliuliza:

Assalaam alaykum, na heshima kwenu nyote wanajamvi. Familia yangu ilihamia Scarborough mwezi wa saba ikitokea Mombasa, na huu ndio msimu wetu wa kwanza wa baridi. Wiki mbili zilizopita mwalimu aliwapeleka binti yangu wa miaka tisa na wenzake kwenye uwanja wa barafu ulio karibu na shule. Alirudi nyumbani magoti yakimuuma, lakini akiwa na uchangamfu ambao sikuwa nimeuona tangu tulipopanda ndege, na tangu siku hiyo haipiti jioni bila kuniuliza tutarudi lini. Mdogo wake wa kiume, ambaye ana miaka sita na hajawahi kukanyaga barafu hata mara moja, ameshaamua kwamba yeye atacheza hoki.

Jumamosi iliyopita nilikwenda peke yangu kutazama. Nilisimama nyuma ya kioo karibu saa nzima, nikaona watoto ambao hata shule hawajaanza wakikimbia juu ya barafu kama wetu wanavyokimbia mchangani maji yakiwa yamekupwa. Ukutani palikuwa na ratiba yenye vipindi vya namna tatu au nne, vingine vya watu wenye magongo na vingine vya watu wasio nayo, na sikuelewa ni kipindi kipi ambacho mgeni kama mimi anaruhusiwa kuingia. Niliona haya kuuliza, nikarudi nyumbani.

Naomba mnielekeze. Je, viwanja hivi ni vya wanachama, au mkazi yeyote anaweza kuingia? Je, ninunue viatu kwanza? Mama yao ana wasiwasi wa mambo mawili, yaani kuanguka na hijabu ya binti, kwa sababu tumeona kila mtoto amevaa kofia ngumu. Nami nina wasiwasi wa tatu, ambao ni gharama, kwa kuwa kila ninayemtajia hoki ananiambia huo ni mchezo wa wenye nacho.

Mama wa Etobicoke alijibu:

Waalaykum salaam, kaka, na karibuni sana. Haya hiyo nami niliiona miaka kumi na moja iliyopita nilipofika kutoka Dar es Salaam, na ilinipotezea msimu mzima. Viwanja vya jiji si vya wanachama. Ni mali ya wakazi kama zilivyo maktaba, na vipindi vilivyoandikwa kuwa vya kuteleza kwa burudani ni vya kila mtu, bila malipo. Vipindi vinavyoitwa shini ni vya hoki isiyo rasmi, isiyo na refa wala timu za kudumu, navyo hupangwa kwa umri. Muda uliobaki hukodiwa na vilabu. Wakati huo unaweza kuketi jukwaani ukatazama, lakini hutaingia kwenye barafu.

Mbali na kumbi za ndani, jiji lina viwanja vya nje vipatavyo 50 vinavyogandishwa kwa mitambo, ambavyo kwa kawaida hufunguliwa mwishoni mwa Novemba na kufungwa mwezi wa Machi. Mkipata siku ya kutembea, waleteni watoto huku kwetu, Colonel Samuel Smith Park, karibu na ziwa. Pale hapana uwanja wa mstatili, bali njia ya barafu ya mita 250 hivi inayojipinda kati ya miti, na hakuna anayekuja kwa kasi akiwa na gongo mkononi. Iko pia njia ya The Bentway, chini ya barabara kuu ya Gardiner, iliyofunguliwa Januari 2018, ambako mnaweza kukodi viatu. Nathan Phillips Square, mbele ya City Hall, ni pazuri kwa macho na viatu vya kukodi vipo, ila jioni za mwisho wa wiki panajaa mno na anayejifunza hugongwagongwa.

Kuhusu viatu, usinunue vipya mwaka huu. Miguu ya watoto inakua, na maduka ya mitumba ya michezo yamejaa viatu vilivyovaliwa msimu mmoja tu. Kiatu cha barafu kinapaswa kubana kuliko kiatu cha kawaida, kwa hiyo saizi huwa ndogo kwa moja au moja na nusu, na soksi iwe moja, nyembamba. Wazazi wengi wageni hununua kikubwa ili mtoto akivae miaka miwili, wakamvisha na soksi tatu. Kifundo cha mguu kinalala upande, mtoto analia, kisha watu wanasema hana kipaji. Kabla ya kuvitumia vipelekeni vikanolewe, hata vikiwa vipya, kwa sababu chuma kisicho na makali hakishiki barafu. Kofia ngumu ndiyo kitu ambacho nisingenunua mtumba. Nunua mpya, ya hoki, yenye alama ya viwango vya Kanada ya CSA, kwani ya baiskeli haikutengenezwa kwa kuanguka kinyumenyume.

Hijabu haina shida yoyote, mwambie wifi yangu atulie. Binti yangu huvaa ile ya michezo, ya kitambaa kinachovutika, isiyo na pini, na ncha zake huingizwa ndani ya jaketi. Kofia inakaa juu yake vizuri. Mkienda kununua kofia, mwende binti akiwa ameshavaa hijabu hiyo, ili ipimwe ilivyo.

Kwa siku za kwanza, viwanja kadhaa vina vigari vya kusukuma ambavyo mtoto hushikilia asianguke. Ombeni kimoja.

Mfanyakazi wa uwanja, Brampton, alijibu:

Ndugu, mimi ni mtu wa Bukavu, na kwa miaka sita sasa kazi yangu ni kutunza barafu katika uwanja mmoja wa mtaa. Nakuandikia yale ambayo wageni hawaelezwi mlangoni.

Barafu unayoiona ina unene wa sentimita tatu hivi tu. Chini yake ni sakafu ya zege yenye mabomba yanayopitisha maji ya chumvi au kimiminika kingine kilichopozwa chini ya kiwango cha kuganda, na mitambo hiyo haizimwi msimu wote. Wateja wanapoteleza, vyuma vyao vinaikwaruza, na kila baada ya saa moja hivi tunaingia na gari ambalo kila mtu hapa huliita Zamboni, kwa jina la Frank Zamboni aliyelibuni California mwaka 1949. Gari hilo linafanya kazi tatu kwa mzunguko mmoja: kisu kinaparua tabaka la juu, maji yanasafisha mikwaruzo, kisha kitambaa kilicho nyuma kinapaka maji ya moto. Watu hushangaa kwa nini ni ya moto. Maji ya moto huyeyusha kidogo uso wa barafu ya zamani na kushikana nayo, tena yana hewa chache ndani yake, kwa hiyo yakiganda yanatoa barafu ngumu na laini. Mleteni mtoto mwanzoni mwa kipindi, mara tu gari linapotoka, maana hapo hakuna mashimo ya kunasa chuma cha anayejifunza.

Nakuomba jambo moja kwa moyo wote: mtu asikanyage barafu mpaka gari limetoka na lango lake limefungwa. Dereva haoni mtoto mfupi aliye mbele yake, na gari zito haliwezi kusimama ghafla juu ya maji. Mengine ni ya kawaida. Wote huzunguka upande mmoja, na mtoto akianguka afumbe vidole vyake na kuinuka mara moja, asikae chini akipumzika. Vaeni nguo nzito hata ukumbini, kwa kuwa anayeketi kwenye benchi hupata baridi kuliko anayeteleza. Tena usione haya kutuuliza. Kumwonyesha mtu mlango ni sehemu ya kazi yetu, na mimi binafsi huifurahia kuliko kuendesha gari.

Mchezaji kutoka Nairobi alijibu:

Kaka, usiruhusu mtu akuambie kwamba barafu si yetu. Mimi nilijifunzia Nairobi, katika uwanja wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ambao ulifunguliwa mwaka 2005. Ni mdogo sana ukilinganishwa na viwanja vya hapa, vyenye urefu wa mita 60 hivi, lakini ndipo ilipozaliwa timu ya hoki ya Kenya, Ice Lions, ambayo mwaka 2018 ililetwa Kanada ikacheza pamoja na nyota wa hoki wa hapa, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon.

Kwa heshima zote, natofautiana na Mama wa Etobicoke kuhusu kigari. Mtoto akikizoea, huegemea mbele na kunyoosha miguu, na hilo ndilo kosa gumu zaidi kuliondoa baadaye. Mwacheni aanguke akiwa amekunja magoti. Baada ya dakika ishirini za kuanguka na kuinuka atakuwa ameelewa jambo ambalo kigari kisingemfundisha kwa mwezi. Huyo mdogo asipewe gongo kwanza. Gongo likitangulia, huligeuza mkongojo, na hoki yenyewe haichezeki kwa mtu asiyeweza kusimama na kugeuka bila kufikiri.

Mama wa golikipa, Flemingdon Park, alijibu:

Naongezea kuhusu gharama. Ni kweli kwamba hoki ya ushindani ni ghali, hasa vifaa na safari, lakini mlango wa kuingilia si ghali kama inavyosemwa. Jiji lina mpango unaoitwa Welcome Policy, unaowalipia wakazi wenye kipato kidogo madarasa ya burudani, yakiwemo ya kujifunza kuteleza. Ombeni mapema kwa sababu nafasi za madarasa hujazwa haraka sana siku ya kujiandikisha. Mashirika ya hisani ya Jumpstart na KidSport husaidia ada za michezo ya watoto. Kwa huyo wa miaka sita, ulizieni mpango wa First Shift, ambao ni wa watoto wasiowahi kusajiliwa katika hoki. Hupata mafunzo machache ya barafuni pamoja na vifaa vyote, na vifaa hivyo hubaki kuwa vyao.

Siku moja mleteni binti mtaani kwetu. Uwanja wetu unaitwa Angela James, kwa jina la mwanamke mweusi aliyekulia kwenye maghorofa haya haya, akafunga mabao 11 katika mechi tano za Kombe la Dunia la kwanza la wanawake mwaka 1990, na mwaka 2010 akaingizwa katika Jumba la Heshima la hoki. Huko North York uko uwanja wenye jina la Herb Carnegie, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika, ambaye ligi kuu haikumpa nafasi katika ujana wake na ambaye aliingizwa katika Jumba hilo mwaka 2022, miaka kumi baada ya kufariki. Binti yangu, ambaye ni golikipa, husoma jina la Angela James mlangoni kila anapoingia uwanjani kwetu.

Baba wa Scarborough alirudi:

Mungu awalipe kheri nyote. Jumapili tulikwenda saa ya burudani, tukasubiri gari litoke, tukaingia. Binti alikataa kigari, mdogo wake alikichukua, kwa hiyo ushauri wa pande zote mbili umefuatwa. Kijana aliyekuwa mlangoni alitueleza ratiba nzima bila kuombwa mara mbili. Mama yao alikaa kwenye benchi na chupa ya chai ya tangawizi akihesabu kila anguko, na asubuhi ya leo ameniagiza niulize hapa: mtu mzima anayevaa kiatu cha namba 39, cha barafu atafute namba ngapi?

Mama wa Etobicoke alijibu:

Ajaribu 38 kwanza, na soksi moja. Kidole gumba kiguse mbele akisimama wima, na kirudi nyuma kidogo akikunja magoti. Mwambie mimi nipo Jumamosi.