Kahawa ya Kivu: Idjwi, Kalehe, Kabare au Rutshuru? Naomba mnilinganishie

Mkaanga_Kadutu

Wazee na ndugu, jambo. Niko Bukavu, Kadutu. Nakaanga kahawa nyumbani kwa mashine ya kilo moja, nauzia ofisi chache na duka moja la Nyawera. Mwezi uliopita mteja wangu mmoja, mzee anayekunywa bila sukari, alinirudishia paketi. "Kijana, umesema hii ni Kivu kama ile ya kwanza. Hii siyo ile." Nilitaka kubisha. Nikaonja, nikanyamaza.

Basi nimetafuta mifuko minne ya kahawa ya arabika iliyooshwa (iliyotolewa nyama ya tunda kwa maji), nikaikaanga siku moja, moto uleule, dakika zilezile. Nilichokuta:

Idjwi: laini, tamu kama muwa, uchachu kidogo sana.
Kabare: uchachu wa marakuja, mzuri, lakini nyuma yake kuna ladha ya majani mabichi.
Rutshuru: nzito mdomoni, inaelekea kakao. Haina makeke.
Kalehe, upande wa Minova: vikombe viwili vilishinda vyote. Cha tatu, mfuko uleule, kilinuka birayi mbichi, kama umemenya kiazi puani.

Kinachonichanganya ni kwamba wauzaji wote wanne wameniandikia "mita 1,600". Kama mwinuko ni mmoja, tofauti inatoka wapi? Ni udongo? Ni mvua? Pesa niliyo nayo inatosha kuweka akiba ya sehemu mbili tu hadi msimu ujao.

Papa_Mulungu

Mwanangu, kwanza uniambie hizo mita 1,600 alizipima nani.

Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460. Stasyo nyingi za kuoshea kahawa zimejengwa chini, penye maji na barabara au bandari. Mtu akija na simu yake anapima pale pale uwanjani, anaandika. Lakini tunda halikuota uwanjani. Jingine limeshuka mgongoni mwa mama kutoka mita 1,850, jingine limetoka kwenye shamba lililo hatua hamsini toka ziwani, na yote yameingia pipa moja. Kwa hiyo namba yako ni ya pipa.

Sasa Kabare, kwa sababu huko nimefanya kazi mpaka mvi. Kila ukipanda mita 100, joto linapungua kama nusu digrii na kidogo. Kutoka ukingoni mwa ziwa mpaka mashamba ya juu, chini ya mlima Kahuzi, unapoteza digrii mbili na nusu hivi. Mtu hatavaa koti kwa ajili ya hizo, ila mkahawa unazisikia: tunda linachelewa kuiva kwa wiki kadhaa, punje inajaa polepole, inakuwa ngumu. Hiyo ladha ya majani uliyoipata si kosa la Kabare. Umeikaanga kwa moto wa Idjwi, nje imekuwa kahawia na ndani haijaiva. Ipe joto zaidi mwanzoni.

Udongo wa huko ni mwekundu, umetokana na mawe ya volkano ya kale sana yaliyokwisha kuoza yakawa mfinyanzi. Ukiufinyanga ukiwa na maji unabaki na alama za vidole. Unashika maji vizuri wakati wa kiangazi, lakini ni mchachu na unaikamata fosforasi hauitoi. Ndiyo maana wanaofunika shamba kwa majani ya migomba wanavuna na jirani yao analalamika. Ukivuka kwenda Walungu, udongo umechoka zaidi. Usiseme "Kivu Kusini" kama vile ni shamba moja.

Binti_wa_Idjwi

Shikamoo Papa. Mkaanga, ndugu yangu, "laini" unaiandika kama ni ugonjwa!

Idjwi ni kisiwa, na maji yanatuzunguka pande zote. Ziwa linakunywa joto mchana na kulirudisha usiku, kwa hiyo usiku wetu hauna baridi kali kama ya Kabare hata pale mwinuko unapolingana. Tunda linaiva taratibu bila kushtushwa. Uchachu unakuwa wa chini na utamu unabaki. Mita 1,600 ya Idjwi na mita 1,600 ya bara ni vitu viwili.

Halafu watu wanadhani kila kitu cha ziwani ni volkano. Mawe ya kisiwa chetu ni ya kale kuliko ziwa lenyewe. Zamani maji ya bonde hili yalitiririka kaskazini kuelekea ziwa Edward. Milima ya volkano ya Virunga ikaziba njia, maji yakapanda mpaka yakapata pa kutokea kusini, ndiyo mto Ruzizi. Idjwi ni mlima uliobaki kichwa nje. Udongo wake ni wa mlima mzee, hauna mbolea ya bure kama wa Rutshuru, na watu ni wengi kuliko nafasi, kwa hiyo mkahawa unaota katikati ya migomba na maharage. Kivuli hicho nacho kiko ndani ya kikombe chako.

Baba zetu walikuwa wanaivusha kahawa hii usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, kwa sababu huku bei haikulipa. Wengine hawakurudi. Ikisifiwa sasa kwa jina lake nasikia vizuri, siwezi kuficha.

Ndosho_Lava

Miye niko Goma. Nasoma hapa batu banasifia udongo mwekundu nacheka. Udongo ya Rutshuru iko nyeusi sawa makala, unaweka fimbo kesho inatoa majani 😂

Lakini nisidanganye. Si kila fasi ya volkano iko na udongo. Hapa kwetu lava ya Nyiragongo ya 2002 ingali jiwe, na ya 2021 ndiyo kabisa. Mutu akitaka bustani anabeba udongo mu mifuko. Udongo muzuri ni pale majivu yalianguka zamani yakaoza, kuelekea Rumangabo na juu ya Rutshuru. Ile ni nyepesi, maji inapita haraka, mizizi inashuka mbali. Rutshuru mujini ni chini kuliko ziwa yetu, kama mita 1,280, na joto iko. Ukipanda kuelekea Rumangabo njo baridi inaanza. Kwa hiyo uzito ule wa kakao ni joto na udongo pamoja, si udongo peke yake.

Na kitu ingine: moshi ya volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira. Upepo mara nyingi unaisukuma magharibi, upande wa Masisi. Mvua ikipita mu ule moshi inakuwa asidi, inaunguza majani ya maharage, inaunguza hata mukahawa. Kilima mbili zenye mwinuko moja, moja iko njiani mwa moshi, ingine hapana.

Butembo_Juu

Mnalinganisha Kivu bila Grand Nord, yaani kaskazini ya Kivu Kaskazini (Beni, Butembo, Lubero), ajabu kweli. Kwetu ikweta inapita hapa hapa kati ya Butembo na Lubero, kwa hiyo mvua ina vilele viwili kwa mwaka na kiangazi chenyewe ni kifupi. Nyinyi wa Bukavu mna Juni, Julai na Agosti za vumbi. Sisi kiangazi cha namna hiyo hatukijui, na kuanika kahawa huku ni kucheza na mawingu.

Pia kuna watu wanaoita mlima wetu Ruwenzori volkano, waache. Ule ni ubavu wa ardhi ya kale ulioinuliwa mpaka mita 5,109, miamba tu na barafu juu yake. Udongo wa miteremko yake hauna undugu na wa Ndosho. Na Beni mjini, kwenye mita 1,100 hivi, ni nchi ya robusta, kahawa ya joto isiyo arabika, au ilikuwa, kabla ugonjwa wa kunyauka haujafagia mashamba.

Mkaanga_Kadutu

Nimekaanga upya Kabare kama Papa alivyosema, joto zaidi mwanzoni. Majani yamekwisha. Marakuja imebaki, na nyuma yake kuna asali. Nimeona haya kidogo.

Bado hiyo Kalehe. Wengine wameniambia birayi ni udongo wa volkano wa Minova. Kweli?

Mama_wa_Minova

Si kweli, mwanangu, na hilo neno limetuharibia soko. Mimi nachagua kahawa mezani msimu mzima. Birayi inaletwa na mdudu. Anatoboa tunda likiwa bado kwenye mti, uchafu unaingia kwa lile tundu, na punje moja tu inatosha kunukisha kikombe kizima. Ndiyo maana ulipata viwili safi na cha tatu kibaya kutoka mfuko mmoja. Ingekuwa udongo, vyote vitatu vingenuka. Rwanda na Burundi wanalo tatizo hili pia, na hata mashamba ya juu wanalo.

Sisi tunayamwaga matunda ndani ya maji, yanayoelea tunayatoa. Kisha kahawa ikiwa bado na maji na ngozi yake ya ndani, parche, tunaipitisha mezani, maana wakati huo tundu la mdudu linaonekana kama nukta ya kalamu. Ikikauka hulioni tena. Uliyemnunulia aliruka meza, ama alichanganya yetu na ya barabarani. Muulize kahawa ilikaa mezani siku ngapi. Akisema "siku chache", rudisha gunia.

Sasa ya mlima. Kutoka ziwani kwetu hakuna tambarare, ukitoka mtumbwini unapanda. Kwa mwendo wa saa mbili umetoka mita 1,460 umefika 1,900, na udongo umebadilika chini ya miguu: huku upande wa Sake una majivu na lava (ya Nyamulagira ya 1938 iliteremka mpaka ziwani kule), ukishuka kusini kuelekea Kalehe Centre unarudi kwenye mawe ya zamani na udongo wa manjano na mwekundu. Tena mlima wetu unatazama mashariki. Jua tunalipata asubuhi, saa tisa alasiri milima ya nyuma imeshalificha, mkahawa unapumzika. Ndugu zetu wa ng'ambo, Rwanda, wana jua la jioni. Ziwa ni moja, mwinuko ni mmoja, jua limegeuka.

Mkongo_wa_Cape

Samahani naingilia kutoka mbali. Mimi ni mtoto wa Bagira, hapo Bukavu, nimeishi Cape Town miaka mingi na nimefanya misimu ya kuvuna zabibu. Mnayoyabishania hapa wenzetu wa divai wameyabishania muda mrefu, na siku ya kwanza nilicheka. Msimamizi alituonyesha bonde la Elgin akasema "huku ni juu, kuna baridi". Ni mita 300! Nikamwambia mimi nimezaliwa mita 1,500.

Lakini alikuwa sahihi kwa kwao. Kule ni nyuzi 34 kusini, bahari ya baridi iko karibu, na Elgin ni kama bakuli lililozungukwa na milima, mawingu yanaingia yanakaa. Ni nchi ya matufaha pia. Stellenbosch, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari, kuna joto zaidi, na kwenye miteremko udongo ni wa itale iliyooza, unashika maji. Ukishuka bondeni unakuta mchanga. Shamba moja lilikuwa na vyote viwili, na tulikatazwa kuchanganya vikapu. Robertson, ndani zaidi, ni kukavu, bila kumwagilia hupati kitu, na udongo una chokaa. Hapo chupa inataja bonde, na hata kilima. Sisi tunaandika "Kivu" halafu tunashangaa mzee akirudisha paketi.

Papa_Mulungu

Huyo wa Cape amenikumbusha jambo nililotaka kusema, la kuanika.

Huku kwetu kusini kahawa inaanza kuvunwa Machi. Mashamba ya chini yanaiva kwanza, yaani Machi na Aprili, mvua ikiwa kali. Kahawa iko mezani, mvua inakuja, mnafunika, mnafunua, mnafunika tena. Mashamba ya juu yanachelewa na mavuno yake yanaangukia Mei mwishoni, Juni, kiangazi kinapoingia. Hiyo inakauka sawasawa mpaka unyevu wa asilimia 11 au 12 na inatulia. Kwa hiyo sehemu ya sifa tunayoupa mwinuko ni ya kalenda. Kahawa ya juu inakuwa nzuri kwa sababu imeiva polepole, na pia kwa sababu imekauka bila kunyeshewa.

Ukitaka kununua, uliza wiki iliyovunwa kabla ya kuuliza mita.

Ndosho_Lava

Papa, hiyo ya kalenda nimeiandika kwa karatasi. Lakini Rutshuru msiitupe! Kwa maziwa ndiyo inafaa. Hizo za uchachu ukiweka maziwa inakuwa sawa imeoza.

Mkaanga_Kadutu

Hapo kaka umesema kweli, nimejaribu. Kabare na maziwa ni vita. Rutshuru na maziwa ni chakula.

Uamuzi wangu basi. Nachukua Kabare ya juu, iliyovunwa Juni, kwa wale wasiotia kitu, akiwemo mzee wangu. Ya pili nilitaka Idjwi. Nilikuwa nimeagiza kilo kumi za majaribio, zikaja juzi kwa boti, na aliyezipakia aliziweka ubavuni mwa pipa la mazutu (dizeli). Kahawa yote inanuka injini. Binti, najua si kosa la kisiwa, usinitukane.

Binti_wa_Idjwi

Nimetukana kimoyomoyo 😅 Nitakutumia nyingine, kilo tano. Ndani ya plastiki, kisha gunia, na dada yangu ataikalia mwenyewe mpaka bandarini.

Mama_wa_Minova

Na mimi nitakupa kilo mbili zilizopita mezani. Kaanga, onja vikombe kumi, siyo vitatu. Ukikuta birayi hata kimoja, uandike hapa jina langu.

Mkaanga_Kadutu

Vikombe kumi, Mama. Nimemwita na mzee aje kuonja Jumamosi. Amesema atakuja na kikombe chake.