Naomba ushauri: nani aitwe Mheshimiwa kwenye barua ya kikundi?

Wakuu, shikamooni. Barua ya kikundi cha Chamwino kuomba eneo la biashara inaenda kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya, k.k. (kwa kupitia) Mtendaji wa Kijiji, kisha Mtendaji wa Kata. Bila mihuri yao inaweza kurudishwa masjala. Hapo sina shaka.

Shida ni nakala kwa Mkuu wa Wilaya na Diwani. Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais, Diwani huchaguliwa na wananchi, ila wote huitwa Mheshimiwa. Mkurugenzi, mtendaji mkuu wa halmashauri, ni Ndugu tu! Je, kwenye anwani niweke cheo pekee, Mheshimiwa ibaki kwenye salamu? Na nakala ya Mkuu wa Wilaya ipitie kwa Katibu Tawala wa Wilaya (mtendaji wa ofisi ya Mkuu wa Wilaya)? Wengi humchanganya Katibu Tawala huyo na Mkurugenzi, barua ikalala ofisi isiyohusika.