Naomba ushauri: mwenzangu wa udaktari hanisikilizi wodini

Habari zenu ndugu. Nasomea uuguzi hapa Kampala, mwaka wa 3, na tuko wodi ya watoto kwa mazoezi. Wenzetu wa udaktari wanasoma miaka 5, sisi wa digrii 4, lakini raundi ikianza utadhani tumekuja kubeba mafaili.

Juzi nilimpima upya mtoto wa malaria kali: kilo 9, wakati chati inasema 12. Artesunate ya sindano kwa mtoto wa chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo, yaani 27, si 36. Nikamwambia mwenzangu kabla dawa haijavutwa. Akanijibu, "Sista, wewe shika dripu." Na mzani ulikuwa pale pale! Nesi wa zamu ndiye aliyemfanya apime mwenyewe. Alirekebisha dozi, hakusema neno.

(Nasi si malaika. Wakituuliza glavu ziko wapi, wengine wetu hununa tu.)

Mwezi ujao napangwa naye tena. Nimvute pembeni tuongee, au nimwambie msimamizi? Naogopa kuitwa mchongezi. Mliopitia haya, mlifanyaje?